Aliyevaa Glavu ya Nyaya

Wasifu wa marehemu nimeusikia mara nyingi hapa Bungoma, na karibu wote ni uongo. Marehemu huwa alipenda watu, alimcha Mungu, hakuwahi kugombana na jirani. Hata yule mwizi wa kuku wa Kanduyi tulimzika akiwa malaika. Sasa wameniambia mimi, Peris Nasambu, niandike wa Wilkista Naliaka, usomwe kesho saa nne kabla hajashushwa kaburini, kwa sababu ati mimi ndiye niliyemjua zaidi. Ombi limetoka kwa binti yake, Jentrix, na Jentrix siwezi kumkatalia. Nimekaa mlangoni na karatasi zangu tangu tumalize zamu ya kusaga. Mikono inaniuma, hasira ninayo, na nitaandika ukweli.

Wilkista alizaliwa Kimilili, akaolewa Kitale, akakaa Tuwan katika chumba kimoja chenye dirisha la mbao. Mumewe alivuka Lwakhakha kwenda Uganda kutafuta kazi, na huko alikoenda sijui alipata kazi ama alipata mke mwingine, maana hakurudi. Mtoto walikuwa na mmoja tu, huyu Jentrix. Mimi nilikutana na Wilkista mwaka wa sabini na tisa katika Kiwanda cha Mbegu cha Maili Saba, akiwa na mimba kubwa, na bado aliniacha nyuma kwa kazi.

Tulikuwa wanawake sitini kwenye meza tatu ndefu, kila mmoja na ungo wake mapajani. Mahindi ya mbegu yalikuja kwa magunia, na sisi tulitoa yaliyovunjika, yaliyotobolewa na fukusi, na yale yaliyokufa moyo. Hayo ya mwisho ndiyo yalikuwa kazi yenyewe. Punje iliyokufa moyo inang'aa kama nyingine, ina rangi na uzito, lakini ukiipanda haioti. Mimi nilizijua kwa kubahatisha. Wilkista alizijua kwa kidole gumba cha mkono wa kushoto. Alichota punje tatu tatu, akazizungusha chini ya kidole, nzuri ikaanguka kwenye ungo na mbaya kwenye mkebe, na macho yake yakiwa dirishani. Kila alipomaliza konzi moja, aligonga ukingo wa ungo mara mbili. Kukhu wake, nyanya aliyemlea, alimfundisha hivyo akiwa mdogo: mbegu imelala, igonge iamke. Sisi tulimcheka.

"Mama Jentrix, mbegu yako imeamka ama bado?"

"Imeamka. Imeuliza chai iko wapi."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Alikuwa na maringo pia, siwezi kudanganya mbele ya jeneza. Ukimuuliza namna ya kuijua punje iliyokufa, alikwambia, "Utaijua tu," basi, kama vile Mungu alikuwa amemgawia yeye peke yake.

Mwaka wa themanini na tano habari zikaanza kuja. Madereva wa malori walituambia kwamba Eldoret kuna kiwanda cha kushona kimeleta mikono ya chuma, na kwamba mikono hiyo haikuja ikijua kazi. Ilifundishwa na mtu. Fundi mmoja wa kiwanda alivalishwa glavu, akashona na hiyo glavu wiki kadhaa, halafu mikono ya chuma ikashona kama yeye, na washonaji wote wakaambiwa kwaheri, yeye akiwemo. Tulikutana kwenye mfereji saa ya chakula, wote sitini. Tukakubaliana kwamba hapa Maili Saba hakuna atakayevaa glavu, na hakuna atakayemtaja mwenzake. Tulishikana mikono. Mimi mwenyewe nilishikana na Wilkista.

Haikupita wiki mbili. Kemboi, aliyekuwa nyapara wetu, alitupanga mistari uani akiwa na mgeni aliyebeba sanduku.

"Nataka mmoja," akasema. "Yule mwenye mkono mzuri kuliko wote. Si mniambie tu."

Tukanyamaza.

"Sawa. Nisipopata mmoja, mnaenda nyumbani wote sitini, leo leo."

Tukazidi kunyamaza. Nasema kweli, tulinyamaza vizuri. Kisha sauti moja kutoka mstari wa pili ikasema, "Ni Wilkista." Hapo nitarudi.

Wilkista alikataa. Alisema yeye hatavaa kitu cha shetani, na kama ni kufukuzwa afukuzwe. Kemboi akamwambia hatafukuzwa peke yake, watafukuzwa wote, na itakuwa yeye ndiye aliyewafukuza. Wilkista akageuka kututazama. Tulikuwa na watoto majumbani, wengine tulikuwa na wagonjwa. Hakuna aliyemwambia asivae. Basi akavaa.

Ilikuwa glavu ya nyaya nyembamba, nzito, na kamba yake iliingia kwenye kabati la chuma lililokuwa likinguruma siku nzima. Wiki sita alichambua mahindi nayo. Ngozi ya vidole ilimtoka, tukawa tunampaka mafuta ya kupikia. Na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Yule mgeni alimwita "mwalimu" mbele ya watu, na wiki ya tatu nilimwona Wilkista akiinua kichwa. Alianza kutueleza jinsi kabati lilivyokuwa na akili. Sikumpenda siku hizo.

Machi ya mwaka uliofuata walitufungulia mlango tuone. Mikono arobaini ilikuwa imening'inia kutoka darini, ina vidole vya mpira. Ikachota punje tatu tatu. Ikazizungusha chini ya kidole gumba. Punje mbaya zikaenda kwenye mkebe. Halafu, ilipomaliza konzi moja, mikono yote arobaini ikagonga ukingo wa chuma mara mbili kwa pamoja, tak tak. Mashine haikuwa na habari kwamba ile haikuwa kazi, ilikuwa mazoea ya kukhu mmoja wa Kimilili. Wilkista alicheka. Kisha akakaa chini sakafuni na kufunika uso kwa leso. Ijumaa hiyo tulifukuzwa, sitini wote kasoro hakuna.

Kanisani hatukumsalimia tena. Akikaa kwenye benchi, benchi linabaki lake. Mtoto wake wa miaka saba alikuwa akitusalimia na sisi tunaangalia madirisha. Mungu anisamehe hapo.

Yaliyofuata mnayajua, lakini wapo waliozaliwa juzi, wacha niseme. Mikono ilitoka kiwandani ikaingia mashambani. Ilipalilia, ikavuna, ikakamua ng'ombe, na kila ilipokwenda ilitanguliwa na mtu mmoja aliyevaa glavu. Kufikia themanini na nane mashamba yote kuanzia Endebess hadi Moi's Bridge yalikuwa ya wenye hisa, watu labda mia mbili, waliokaa nyuma ya seng'enge wakinywa maziwa ambayo hayakuguswa na mkono. Sisi wengine tulipewa kadi ya posho. Kila Jumanne unapanga foleni Tuwan, unapimiwa unga, unarudi kukaa. Kazi hakuna, na kulima hakuna ruhusa. Ukipanda mahindi hata kwenye debe bovu, chavua yake itapeperuka ikachafue mbegu ya wenye hisa, kwa hiyo ni kosa. Wanaume walikaa kwenye vibaraza hadi wakasahau kuvaa viatu. Serikali ilituma tume. Tume ikakaa wiki mbili, ikala kuku, ikarudi Nairobi kuandika.

Ndipo watu wa upande huu walipokataa. Mwaka wa themanini na tisa waliweka lango barabarani pale Kiminini, wakang'oa kila mashine kuanzia hapo kushuka hadi Bungoma mjini, wakasema huku ni mkono mtupu, afanyaye kazi ndiye alaye. Ilikuwa habari njema, na mimi nilikuja mbio mwaka uliofuata. Lakini nani asiyejua jinsi tunavyoishi? Walizima hata mashine za kusaga unga. Tunasaga kwa jiwe, tunabeba kwa kichwa, tunalima zamu tatu, na mvua ikikosa tunalala njaa na mikono imevimba. Kitale watu wanakula bila kazi, huku tunafanya kazi bila kula. Ukilalamika unaambiwa urudi kwa chuma.

Na pale langoni kuna sheria. Kwanza unapewa ungo wa mahindi mchanganyiko, uchambue, waone kama mkono wako unajua kazi. Pili unaulizwa. Aliyefundisha mashine haingii, wala aliyemtoa mwenzake afundishe. Ila aliyelazimishwa ataingia, akipata shahidi. Mimi nilipoulizwa nilijibu hapana, sikufundisha, sikumtoa mtu. Nikaingia. Na kwa vile nilikuwa nimefanya kazi kiwandani, Mzee Festus Wekoye, mkuu wa lango, akaniweka mezani niwe mkaguzi. Tak tak ilijulikana na kila mtu aliyewahi kupita Maili Saba, na kazi yangu ilikuwa kuitambua mikono ya aina hiyo.

Wilkista alikuja Juni ya tisini na nne, na Jentrix akiwa na miaka kumi na mitano. Walikuwa wametembea kutoka Tuwan. Wilkista alikuwa amepanda mashina sita ya mahindi nyuma ya choo kwa sababu posho ya watu wawili ilikuwa imepunguzwa ikawa ya mmoja. Watu wa wenye hisa wakayakuta, wakayang'oa, wakaichana kadi yake. Kwa hiyo Tuwan hawakuwa na chakula, na mbele yao kulikuwa na lango langu. Ama waingie ama wafe barabarani, hakukuwa na la tatu.

Aliniona. Nami nilimwona. Hakuna aliyemsalimia mwenzake.

Walikaa chini, kila mmoja na ungo. Wilkista alianza kuchambua kwa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto aliukalia, kabisa, chini ya paja, kama mtu anayemzuia kuku asitoke. Alichambua vibaya. Punje zilimtoroka, moja ikaangukia mguu wangu, na jasho lilikuwa likimdondoka puani. Yule mwanamke aliyechambua huku anaangalia dirishani sasa aliinamia ungo kama mwanagenzi. Kila konzi ilipokwisha mwili wake wote ulisimama, nikaona bega la kushoto likiruka kidogo, na hakugonga. Konzi ya kwanza, ya pili, ya kumi. Mimi nilijua, na nikanyamaza. Nilifikiri moyoni, wacha apite, ili na langu lipite naye. Mzee Festus alikuwa tayari anachukua kitabu cha kuandika majina.

Jentrix alikuwa hajaambiwa. Kosa lote ni hilo. Mama yake alimfundisha kazi akiwa mdogo, kwa changarawe, hakuwa na mahindi. Alimfundisha kwa mkono wa kushoto, punje tatu tatu, na kwa aibu hakuwahi kumweleza ile tak tak ya kiwandani ilitoka wapi. Mtoto alichambua ungo mzima ukawa safi kuliko nilivyowahi kuona pale langoni. Akamaliza. Akagonga ukingo mara mbili.

Watu wote wakaacha walichokuwa wakifanya. Mama mmoja aliyebeba kuni akaziweka chini.

"Hii mtoto amefunzwa na nani?" Mzee Festus akauliza.

Jentrix akamwangalia mama yake. Wilkista angeweza kukana. Angesema mtoto aliiga mashine, kwani walikaa karibu na kiwanda, na pengine tungemwamini. Lakini Mzee Festus alikuwa ameshamshika msichana kifundo cha mkono, anasema mkono huu ni wa chuma, huu hauingii, na Jentrix alikuwa ameanza kulia. Wilkista akautoa mkono wa kushoto chini ya paja. Akauvuta ungo wake mwenyewe, akachambua konzi moja mbele yetu, upesi, hata bila kuangalia. Akagonga mara mbili.

"Mtoto hakuvaa glavu, mzee," akasema. "Niliyevaa ni mimi. Yeye amefunzwa na mamake, kama mtoto yeyote."

Mzee Festus si mtu mbaya. Aliuachia mkono wa Jentrix, akafikiri. Akasema mtoto ataingia. Kisha akamuuliza Wilkista kama alilazimishwa.

"Shahidi wangu huyo hapo," Wilkista akasema, na akanyoosha kidole kwangu.

"Mama Peris, wewe ulikuwa huko. Alilazimishwa ama alijitolea?"

Sasa nimefika pale nilipoahidi kurudi. Sauti iliyotoka mstari wa pili, siku ile uani, ilikuwa yangu. Ni mimi niliyesema, "Ni Wilkista." Kwa miaka mingi nilijiambia niliogopa, na kweli niliogopa, lakini pia nilikuwa nimechoka na mkono wake. Miaka sita nilikaa kando ya mtu ambaye ungo wake ulijaa wangu ukiwa nusu, na nilipomwona Kemboi akitafuta, kitu ndani yangu kilisema, aende yeye basi, si ndiye anayejua? Tangu hapo nilimnunia kuliko wote, na nikawaambia wengine kikulacho ki nguoni mwako. Nguo yenyewe nilikuwa nimeivaa mimi.

Nikisema alilazimishwa, Mzee Festus angeuliza alilazimishwa vipi, na nani alimtaja. Wilkista alikuwa anajua sauti ya nani. Alijua tangu siku ile, na hakuwahi kusema, hata tulipomkimbia kanisani. Alinitazama tu akingoja.

"Alivaa mwenyewe," nikasema. "Alikuwa anaringa nayo."

Ilikuwa nusu ya ukweli, na ndiyo iliyomuua.

Hakupiga kelele. Alimfunga Jentrix leso kichwani vizuri, akamwambia amfuate Anti Peris na amsikilize. Akatoa kwenye mzigo wake ule ungo wake wa zamani wa kiwandani, uliokuwa umevunjika ukingo, akanipa. Akaniambia, "Huyu hali haraka. Usimharakishe." Akarudi barabara ya Kitale, bila kadi, bila mtu. Tulisikia baadaye kwamba alikuwa akiishi kwa makombo ya wenzake wa foleni ya Tuwan, kila Jumanne mmoja anamkatia kijiko cha unga wake. Miaka mitatu ya vijiko.

Na mimi nilimlea Jentrix. Watu wananisifu kwa hilo, acheni. Nilimfundisha kutumia mkono wa kulia. Kila alipogonga ungo nilimchapa vidole kwa mwiko, nikimwambia ni kwa usalama wake, hadi akaacha. Alipoomba ruhusa ya kwenda langoni kumwona mama yake ng'ambo ya mti wa kizuizi, nilisema zamu hairuhusu. Niliogopa wataongea.

Jumamosi wanawake wa kanisa la Tuwan walimleta kwa mkokoteni, amefunikwa kwa gunia. Mwili haukuwa na uzito wowote, mwanamke mmoja alimbeba miguu peke yake. Mzee Festus alifungua sheria akaisoma kuanzia juu hadi chini. Haikusema lolote kuhusu maiti. Akainua kizuizi mwenyewe, akavua kofia, na hivyo ndivyo Wilkista Naliaka alivyopita Kiminini.

Jentrix, karatasi hizi nakupa usiku huu kwa sababu wewe ndiye uliyepangwa kusoma kesho. Usisome. Nitasoma mimi, ili usiyakute haya na watu wanakuangalia. Ungo wa mama yako uko juu ya dari, upande wa jikoni, nimeufunga kwa gunia. Ni wako. Mkono wako wa kushoto pia ni wako, na mtu asikudanganye tena.

Nikimaliza kusoma najua Mzee Festus atasimama, maana sheria ni sheria na aliyemtoa mwenzake haruhusiwi huku. Leso na sufuria nimeshafunga. Ataniuliza lile swali analowauliza wote, kama nililazimishwa. Nitamjibu kwamba hakuna aliyenilazimisha.